Gari Lililonikana Mbele ya Mafundi

Niliponunua gari, nilikuwa nimehamishwa kutoka Kericho, tunakoishi, hadi zahanati moja huko Ndanai. Mimi ni muuguzi. Nilikuwa ninaenda Jumatatu asubuhi na kurudi Ijumaa jioni, na nilikuwa nimechoka kusubiri gari la abiria mvua ikininyeshea. Mwalimu mmoja wa Sotik akaniuzia gari lake dogo, la aina ile iliyoinuka kidogo isiguse mawe. Nililizungusha uwanjani mara mbili, nikaona linakwenda, nikalipa. Ujuzi wangu wa magari uliishia hapo.

Wiki ya tatu, nikipanda mlima kutoka Sotik kurudi nyumbani, likaanza kutetemeka. Nilikanyaga mafuta, injini ikanguruma, lakini mwendo ukazidi kupungua. Taa ya manjano ikawaka. Niliegesha kando ya shamba la majani chai, nikazima, nikakaa nusu saa sijui nimpigie nani. Nilipowasha tena, lilikuwa laini kabisa na taa haikuwepo.

"Unakanyaga mafuta vibaya," mume wangu akasema. "Gari la otomatiki halitaki haraka." Akaliendesha mpaka kanisani na kurudi, kilomita mbili. Halikutetemeka hata mara moja. Akanirudishia ufunguo huku akitabasamu, na hilo liliniuma zaidi.

Fundi wa kwanza alichomeka kompyuta yake. "Ni koili, madam. Injini inamisi, haichomi sawasawa." Alibadilisha plagi zote nne na koili moja, elfu kumi na tatu. Ijumaa likatetemeka palepale.

Fundi wa pili hakuchomeka kitu. Alizunguka nalo mtaani, akashuka akitikisa kichwa. "Giaboksi imeisha. Tutafute ingine ya kutoka Japani. Laki moja na ishirini."

"Na ile koili?"

"Koili ilikuwa mzima. Umeibiwa."

Nikampigia yule wa kwanza. "Giaboksi iko sawa kabisa," akasema. "Huyo ndiye anataka kukuibia."

Wote wawili walisema bila kusita, nami nikabaki katikati. Nilianza kujitilia shaka. Nikiendesha nilikuwa ninautazama mguu wangu wa kulia kana kwamba si wangu. Siku moja mama mmoja aliniambia pale zahanati kwamba kifua cha mtoto wake hukoroma nyumbani lakini wakifika kwetu kinanyamaza. Zamani ningempa dawa ya kikohozi na kumwambia aende. Siku hiyo niliwaambia wakae kwenye benchi mpaka mchana. Kilikoroma, nami nikakisikia.

Ndipo nikamkumbuka mzee aliyefanya kazi na baba yangu kwenye karakana ya matrekta ya shamba la chai. Alitoka upande wa ziwa kama sisi, akastaafu, akabaki hapa Kericho. Nilimweleza yote. Hakucheka.

"Mimi sina kompyuta," akasema. "Gari hii inaumwa safarini, si gereji. Twende hiyo safari."

Tulienda hadi Sotik Jumamosi, watatu: mimi, mzee na mume wangu. Wakati wa kurudi mume wangu akashika usukani mwenyewe, eti mzee asisumbuliwe na uendeshaji wangu. Tulipoanza kupanda, likatetemeka. Alipunguza mafuta, akaongeza, akapunguza tena. Taa ikawaka.

"Simama hapo," mzee akamwambia.

Alifungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi na kukipangusa kwa leso yake. Oili ilikuwa nyeusi, inanuka kuungua. "Nani aliweka hii?"

Nilimpigia yule mwalimu palepale. Alisema aliibadilisha wiki moja kabla ya kuniuzia, akatumia oili ya kawaida ya otomatiki kwa sababu ilikuwa ya bei nafuu. Mzee akashika kichwa. "Giaboksi hii ina mkanda ndani, binti yangu. Ina oili yake yenyewe. Hiyo ya kawaida ikipata moto mlimani, mkanda unateleza."

Oili ilimwagwa na kubadilishwa mara mbili, elfu kumi na sita. Fundi wa kwanza aliposikia gari limetulia, akasema ni koili yake iliyoliponya. Wa pili akasema nisubiri miezi michache tu, nitamrudia. Nikamuuliza mzee kama giaboksi imepona.

"Sijui," akasema. "Oili mbaya imetoka. Kile ilichokwisha kula, siwezi kukiona."

Mume wangu hakuniomba msamaha. Alisema tu, akiwa anaosha mikono, "Basi haukuwa mguu wako."

Ijumaa iliyofuata nilipanda kutoka Sotik redio ikiwa imezimwa, nikisikiliza. Nilifika nyumbani bila kusimama. Mume wangu alikuwa ananisubiri langoni.

"Lilitetemeka?"

"Hapana. Au kidogo. Sijui kama ni gari au ni barabara."

Akafungua mlango wa abiria, akaketi, akafunga mkanda. "Geuza," akasema. "Turudi tukasikilize pamoja."