Supu ya Nyama ya Asili

Mama alipotoka hospitali baada ya upasuaji wa tumbo, alikataa kula. Uji aliusukuma pembeni, na ndizi, chakula alichokulia kule Kagera, alizitazama tu. Pale nyumbani kwangu Igogo tulimwona akiisha mbele ya macho yetu, nami niliogopa sana. Halafu siku moja akasema anatamani supu, ila iwe ya ng'ombe aliyekula majani, siyo hawa wa siku hizi wanaochomwa masindano.

Sijawahi kufurahia kutumwa kama siku ile. Katika duka moja la mjini lenye majokofu ya vioo nilikuta pakiti imeandikwa “nyama ya asili”. Kwangu mimi asili ni kienyeji, kama kuku. Na ng'ombe wa kienyeji ni mtembezi. Usipompa moto wa kutosha atakung'oa jino. Nikaibandika nyama asubuhi kwenye jiko la mkaa, nikaiacha mpaka mchana.

Nilipofunua sufuria sikukuta pande hata moja. Zilibaki nyuzinyuzi tupu zinaelea. Mdogo wangu wa kike, ambaye ni daktari wa mifugo, akaokota pakiti, akasoma, akacheka mpaka akashika ukuta.

“Kaka, kwa ulaini huu, huyu kanenepeshwa bandani kwa pumba na mashudu ya pamba.”

“Mbona wameandika asili?”

“Wana maana hawakuongeza kitu baada ya kuchinja, si rangi wala dawa ya kuhifadhi. Alikula nini, alichungwa au alifungiwa, alichomwa sindano au hakuchomwa, neno hilo halisemi. Hayo unatakiwa uulize.”

Nilikasirika, nikatafuta wa kumlaumu, nikamkosa. Lebo haikusema uongo. Mimi ndiye niliyeisomea yasiyoandikwa.

Nyama nyingine sikuwa nayo. Nikampelekea mama bakuli na kumweleza ukweli wote, nikisubiri alisukume kama mengine. Akaonja. Akaonja tena. Magego yake yalikwisha zamani, na zile nyuzi zilipita bila kutafunwa. Akalimaliza bakuli, akanirudishia.

“Ongeza, mwanangu. Na kesho mpike hivi hivi. Huyo wa majani wapeni wenye meno.”

Mdogo wangu akaanza kucheka upya. Mimi nilisema asante Mungu kwa sauti, nikaenda kumwongezea mama supu.