Shikamoo ya Baba

Baba alianza kwa kuniamkia mimi. Alikuwa ameketi mlangoni, kwetu Ihembe, akainuka kwa shida, akainamisha kichwa na kusema, "Shikamoo." Mimi, binti yake wa mwisho! Nikadhani ananitania. Kesho yake akamwamkia ng'ombe, ng'ombe hakuitikia, na baba akanuna kutwa.

Homa ilikuwa imemwandama kwa miezi, ikija na kuondoka inavyotaka. Tulishamtibu malaria, tukamtibu taifodi, kisha malaria tena. Alipoanza kuyumba, majirani wakasema ni rubisi, ingawa pombe hiyo ya ndizi hakuwa ameigusa tangu augue. Shangazi akasema amerogwa. Wote walinichosha. Nikambana baba katikati yangu na dereva wa bodaboda, safari ya hospitali.

Daktari alimdunga sindano mgongoni, akavuta maji ya uti wa mgongo yakapimwe pamoja na damu. Majibu yalipotoka akaniuliza, "Maziwa mnayachemsha?"

Hatuchemshi. Kwetu ukichemsha maziwa, ng'ombe anapasuka chuchu na kukauka. Nimesoma, nina cheti, na bado niliogopa kumkausha ng'ombe wa baba. Daktari akasema ni brusela, ugonjwa wa mifugo, na umeshapanda hadi kwenye ubongo. Atatumia dawa za aina tatu kwa miezi, bila kuruka hata siku moja.

"Atanijua tena?" nikauliza.

"Tumwanzishie dawa, tuone."

Siku ya pili shangazi akaja kumjulia hali. Kabeba nini? Kibuyu cha maziwa mabichi, ya kumpa mgonjwa nguvu. Kesho yake jirani naye na kibuyu chake. Nikawa napokea, nashukuru kwa heshima zote, halafu namwaga nyuma ya wodi. Paka wa pale walinenepa.

Na kila asubuhi baba alinipa shikamoo yake. Muuguzi alinikataza kubishana naye, basi nikaitikia, "Marahaba," huku moyo ukiniuma.

Wiki ya sita nikaingia na uji, na kwa mazoea nikawahi kusema, "Marahaba."

Baba akanitazama kuanzia miguuni. "Marahaba ya nini? Nani kakuamkia? Adabu umeiacha wapi, wewe mtoto?"

Nikapiga magoti palepale, nikasema shikamoo huku nalia. Hakuitikia mpaka alipomaliza kunigombeza.