Ni Mimi Nilipaka Mafuta Pedali ya Anko Nyaga

Bado sijakubali. Jana nimepita kanisa letu hapa mtaa wa Dallas, Embu, nikasimama dirishani, nikingoja nimsikie akikaza drums.

Anko Nyaga alianguka wiki mbili zimepita. Presha. Tumeshamzika.

Kwa wale hawakumjua: alikuwa session drummer. Ukiimba gospel Embu au Meru na unataka drums za kupigwa na mtu, si za kompyuta, ulimwita yeye. Asubuhi studio ya hapa mjini, mchana yuko Nchiru kule Meru, Jumapili kwetu kanisani. Mmecheza nyimbo zake kwa harusi na hamjui jina lake, kwa sababu hakuna aliyeliandika.

Mimi si mtu wa kuongea, mnanijua. Yeye alinipa sticks tu, hakuniuliza mbona nimenyamaza.

Pedali yake ya kick, ile drum kubwa ya kupigwa na mguu, ilikuwa inalia. Kwii. Kidogo sana, lakini ukivaa earphones unaisikia chini ya wimbo.

"Anko, si uipake mafuta?"

"Wee Wawira! Ikinyamaza watajuaje ni mimi?"

Nilicheka. Nilidhani ni jokes.

Sasa hapa ndipo naogopa kuandika.

Siku ya recording yake ya mwisho, producer alinipata nje ya studio. "Msichana wangu, mzee anatuharibia sauti na hiyo pedali. Ipake mafuta, lakini usimwambie." Kwa begi nilikuwa na mafuta ya cherehani, mama alikuwa amenituma nimnunulie. Nikapaka. Nilidhani nasaidia, haki.

Anko alikanyaga mara moja, akasimama. Akatuangalia mmoja mmoja.

"Nani ameshika pedali yangu?"

Producer akaangalia simu. Mimi nikaangalia viatu.

Akapiga take moja tu. Sijawahi kusikia drums tamu hivyo.

Baadaye aliniuliza mara tatu. "Wawira, kweli hukuona mtu?"

"Sikuona, Anko."

Wimbo umetoka wiki ile tulimzika. Kwa description, pale chini ya wimbo mtandaoni, imeandikwa drums ni za producer, ati amezitengeneza kwa kompyuta. Nimevaa earphones nikatafuta ile kwii mpaka masikio yakauma. Hakuna.

Sasa najiuliza. Yale mafuta yalikuwa ya nini hasa? Mbona alinituma mimi, na mikono anayo? Nimecomment "Hizi ni drums za Nyaga", ikafutwa. Nikarudia, ikafutwa tena.

Na pale mazishini producer alinishika bega: "Pole Wawira. Ile story ya pedali tuiache, sawa?"

Tuiache kwa nini?

Labda namwonea. Labda alitaka tu sauti safi. Lakini mimi nilikuwa kwa hicho chumba. Anko Nyaga ndiye alipiga huo wimbo, mwanzo hadi mwisho, akiwa na T-shirt ya kwaya na jasho hadi kwa viatu. Hii post siifuti.

Na zile nyimbo zingine, za miaka yote, vaeni earphones msikilize. Mtamsikia.

Anko, uliniuliza mara tatu. Ni mimi. Nisamehe.

Kila ukimaliza kazi ulikuwa unafunika drums kwa shuka, unaziambia, "Haya, laleni, mmechoka."

Haya, Anko. Lala. Umechoka.