Simu Niliyoiweka Amana Chokocho

Kutoka Mtwara mpaka Chokocho nilipanda basi hadi Dar es Salaam, basi jingine hadi Tanga, boti hadi Wete, kisha gari ya kukatiza kisiwa chote cha Pemba kuelekea kusini. Ukiniuliza leo niliona nini njiani, sina la kukwambia. Niliona simu. Mto Rufiji niliuvuka nikibishana na watu wa Tanga juu ya mchezaji aliyeuzwa. Pale Wete gari ilipita Jadida, mtaa niliozaliwa, nami nilikuwa nimeinamia kioo nikisikiliza sauti ya mtu wa Mombasa anayelalamikia bei ya nyanya. Nilipoinua kichwa tulikuwa tumeshatoka mjini.

Mimi ni mtu wa kuhama. Nilitolewa Pemba nikiwa mdogo, nikasoma Tanga mpaka nikamaliza sekondari, na tangu hapo sijakaa mahali nikachoka napo. Nimebeba mizigo Mombasa, nimeuza vipuri Arusha, nimelinda ghala la korosho Mtwara. Kila mji nilioondoka niliondoka na kundi lake kwenye simu: wa mtaa, wa kazini, wa mpira, wa msikitini, wa darasa letu. Sikuwahi kuaga kwa kweli. Nilikuwa naishi miji yote kwa pamoja, na mahali nilipokuwa nimekaa ndipo pekee nilipokuwa sipo.

Hilo niliambiwa na binti yangu. Ni mmoja tu, anaishi Tanga kwa mama yake, ambaye tuliachana zamani kwa salama. Namwita Mama kwa sababu amebeba jina la mama yangu. Nilipopita Tanga katika safari hiyo alikaa mbele yangu akinieleza habari za kijana aliyemposa, ambaye mimi nilikuwa nimeshamkubali.

"Baba, nimesema mara mbili."

"Nakusikia, Mama."

"Nimesema nini?"

Macho yangu yakarudi kwenye simu, kama jibu liko humo. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. Akaniambia, "Mimi sitaki kitu kingine kwako. Siku ya nikahi unioze wewe, kwa mdomo wako. Usimpe mtu uwakili." Nikamwahidi. Harusi ilipangwa baada ya mfungo, na kabla yake kulikuwa na msimu mzima wa karafuu.

Aliyeniita Chokocho ni rafiki yangu wa miaka ya Mombasa. Baada ya Mombasa alifanya kazi kwenye hoteli ya ufukweni Unguja, kazi ya kutandika mikeka ya wageni wanaofanya yoga, na mwalimu wao, mtu wa India, akamfundisha mpaka akawa anafundisha yeye. Baba yake alipofariki alirudi kushika mikarafuu. Alinisikia kwenye simu nikilalamika sipati usingizi, akasema, "Njoo kwetu. Utanisaidia shamba, nami nitakutuliza kichwa."

Kijijini yoga aliiita mazoezi ya viungo, na shehe alipomuuliza alimwonyesha, shehe akacheka, akasema mgongo wake mwenyewe unauma. Wavuvi walikuwa hawatuachi. Tukiwa uani tumesimama kwa mguu mmoja, mtu anapita na kapu lake anasema, "Nyie, hao korongo mmewatoa wapi?" Rafiki yangu anajibu bila kugeuka, "Weye pita, tumbo lako halikuruhusu."

Alikuwa mwalimu mzuri. Hilo siwezi kumnyang'anya. Alinifundisha kwanza kuiona pumzi kabla ya kuigusa simu: mkono ukitaka kwenda mfukoni, uache ukae, vuta, toa, halafu jiulize unatafuta nini. Mara nyingi nilikuwa sitafuti kitu. Alinifundisha kurudisha masikio na macho ndani, kama kaa anavyorudi shimoni bila kugombana na mtu yeyote. Akanieleza kwamba kabla ya kukunja viungo kuna mambo ambayo mwenye yoga anajifunga nayo: asidhuru, aseme kweli, asichukue kisicho chake, asijilimbikizie. Lile la mwisho alilipigia mstari kwa ajili yangu. "Makundi yako ni kulimbikiza," alisema. "Umejaza miji kama ntu anavyojaza magunia asiyoyauza."

Nikaanza kutoka kwenye makundi. La Arusha nilitoka asubuhi moja nikakaa uani nikalia kidogo, kwa sababu nilijua sasa ndiyo nimeondoka Arusha.

Karafuu zilipoanza kuchumwa akasema nijaribu kuiacha simu kabisa mpaka msimu uishe. Nilitaka. Kikwazo kilikuwa kimoja, na kila mtu wa kwetu atakielewa: msiba. Mtu anaweza kukosa habari zote duniani, lakini akikosa maziko ya wake, uso ataupeleka wapi? Tukakubaliana simu akae nayo yeye, nimpe na namba ya kuifungulia, aichungulie kila siku. Ukitokea msiba aniambie. Binti yangu nilimwandikia kwamba nitakuwa kimya kidogo, akiwa na jambo aandike, nitaambiwa. Nikaizima, nikaikunja ndani ya kitambaa cha bluu alichonipa.

"Hii amana," nikamwambia.

"Nimeipokea."

Akaitia ndani ya kasha la marehemu baba yake.

Msimu ule ulikuwa mwema kwangu kuliko miaka mingi. Mchana tulichuma, alasiri tulikaa na majirani kuchambua, karafuu huku, makonyo, vile vijiti vyake, kule, vidole vikinuka mpaka kwenye wali. Nilisikia mtu akisimulia habari ya mbuzi wake tangu mwanzo mpaka mwisho, nikaijua. Niliwaza nikirudi Tanga nitakaa mbele ya binti yangu hivi hivi, na akiniuliza amesema nini nitamjibu neno kwa neno.

Siku moja tulikwenda mjini Chake Chake kuuza karafuu. Rafiki yangu akabaki kwenye foleni, mimi nikapita mtaa wa Tibirinzi kumsalimia binamu yangu. Alinipokea mlangoni kwa mikono miwili.

"Hongera, bwana. Umeozesha."

"Nimemwozesha nani?"

Akacheka. "Mzaha wako huo. Tumeona picha. Na maneno yako yalisomwa mbele ya watu, wanawake wakalia."

Akanionyesha kwenye simu yake. Binti yangu alikuwa amekaa, mikono imejaa hina, macho chini. Ndugu yangu, ami yake, ameshika mkono wa bwana harusi, ndiye anayeozesha. Binamu alikuwa ametumiwa pia yale maneno. Yalitoka kwenye namba yangu. Yalisema kwamba nimempa ndugu yangu uwakili amuozeshe binti yangu, kwamba mtandao wa huku ni mbovu na sauti haifiki, kwamba moyo wangu umetulia na niko pamoja nao kwa kila pumzi.

Yalimwita "binti yangu", nami usoni pake sijawahi kumwita ila Mama. Wala sijui nilirudi vipi mpaka kwenye foleni ya karafuu.

Sikumuuliza pale mbele za watu. Nilimuuliza tulipofika nyumbani, akiwa amepiga magoti anakusanya karafuu zilizobaki kwenye majamvi.

"Binti yangu aliandika?"

Mikono yake ikasimama. "Aliandika."

"Akasema nini?"

"Kijana kapata kazi ya melini, ataondoka. Wakaivuta harusi mbele."

"Na weye?"

"Uliniambia msiba nikwambie," alisema. "Harusi si msiba."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akaendelea, sasa kwa sauti ile ya kufundishia, laini. "Nilikutazama, sahibu. Ulikuwa unalala. Ulikuwa unakula. Ningekwambia, ungekwenda, ungerudi kwenye makelele yale yale, usingerudi hapa tena. Ntoto aliandika kila siku. Nikaona nimjibu kwa wema, asihangaike."

"Ukafuta."

"Nikafuta, usije ukaumia."

"Na karafuu zilikuwa bado mitini."

Akainua uso. Mpaka leo sijui kama alinificha kwa kunihurumia au kwa kuwa alihitaji mikono ya kuchuma, na nadhani hata yeye hajui. Alisema tu, "Vuta pumzi kwanza." Nikafanya lile ambalo sikuwa nimelifanya tangu nifike. Nilimgeuzia mgongo nikaingia ndani, nikafungua kasha mwenyewe.

Niliiwasha simu, nikapiga; binti yangu alipokea ilipolia mara ya kwanza tu.

"Baba?"

"Mama, yale maneno si yangu."

Nilimsikia akisogea mbali na watu. "Nilijua," akasema. "Hujawahi kuniita vile. Halafu nikasema labda baba amebadilika huko. Labda akitulia ndivyo anavyokuwa, hana haja ya kuja." Akavuta kamasi. "Nilimchukia yule mtu aliyetulia."

Nilikwenda kwa shehe, yule yule wa mgongo, nikamweleza yote. Alisikiliza huku akitikisa kichwa pole pole. "Hao watoto hawana dhambi, hawakujua," alisema. "Lakini walii, mwenye haki ya kumwozesha, ni weye na ruhusa hukutoa. Nenda ukairudie akdi, uifunge ndoa upya, mashahidi wawili, kimya kimya, wala watu wasiambiwe. Na uende upesi, kijana hajapanda meli."

Kwa hiyo asubuhi yake nilifunga begi. Makundi yaliyobaki nilitoka yote nikiwa nimekaa kitandani, moja baada ya jingine, kwa pumzi zile zile alizonifundisha. Nilichukia kwamba zinafanya kazi. Mtu aliyenifundisha kutochukua kisicho changu alikuwa amechukua mdomo wangu, na bado nikivuta hewa namsikia yeye akihesabu.

Majirani wakaniuliza, "Unarudi lini?" Nikasema Mungu akipenda. Kwenye miji mingine nilikuwa nikisema hivyo hivyo huku nikijua nitabaki nayo kwenye simu. Safari hii nilijua sirudi, na sikuwa nimebeba chochote cha kijiji kile.

Gari ilikuwa imeshawasha injini rafiki yangu aliposogea dirishani, jasho linamtiririka. Alikuwa ameshika chaja yangu, ameikunja kwenye kitambaa cha bluu.

"Umeisahau."

Nikaikunjua, nikaichukua chaja, nikamrudishia kitambaa chake. Dereva akaondoa gari, nami nikaiweka simu ndani ya begi, chini kabisa, chini ya kanzu ya kuozeshea. Pale Jadida nilikuwa nimeinua kichwa. Kulikuwa na mama anafagia uwanja, na mtoto amekaa juu ya ukuta anamenya chungwa.