Ee ya Kazini

Nilimaliza shule ya usiku kule Kanamkemer, mtaani Lodwar, nikiwa na cheti kinachong'aa kuliko bati jipya la kanisa, nikapata kazi ya mapokezi Kakuma, kwenye shirika dogo la maji. Kazi ya majaribio, lakini. Mwisho wa mwezi madam, mkuu wa ofisi, angeamua kama nabaki, au narudi Lodwar kuendesha boda boda ya shemeji, pikipiki ambayo hata punda waliipita wakiionea huruma.

Madam alitoka Kenya, kama sisi Waturkana tunavyopaita kila mahali kuanzia Kitale kwenda chini. Kwenye mkutano wangu wa kwanza nikaharibu. Kwetu mtu akizungumza haachwi peke yake na maneno yake. Kila anapotua unamwitikia, "ee", ajue mko pamoja. Basi madam akasema ripoti zinachelewa, nami ee. Akasema magari yanachafuliwa, ee. Alivyozidi kunikazia macho ndivyo nilivyozidi kupaza sauti, nadhani mpaka mbali kule Lokiriama ng'ombe waligeuza shingo.

Alinibakisha wenzangu walipotoka. "Mimi si mhubiri," alisema polepole. "Mtu akiongea unanyamaza, unamwangalia, unatikisa kichwa kukubali. Hiyo ndiyo heshima ya kazini. Ukirudia, kijana, huu mwezi hatuumalizi pamoja."

Nikafanya mazoezi ya kunyamaza mbele ya kioo. Nikawa bingwa. Mawe ya Kakuma yakaonekana yanaropoka.

Siku chache kabla ya uamuzi akaja mzee mfugaji, fimbo mkononi na kigoda chake. Ejok, ejok, tukasalimiana vizuri. Akaketi, akaanza kunieleza kuhusu bomba lililopasuka, ambalo madam alikuwa amelitafuta wiki nzima bila kulipata. Akasema sentensi moja, akangoja. Nikamwangalia machoni, nikatikisa kichwa. Akairudia kwa sauti. Nikatikisa kwa heshima zaidi. Akainama, akanichungulia mdomo. Halafu akakwapua kigoda chake.

"Nitarudi siku ofisi iko na mtu."

Madam alikuwa mlangoni pake. Akaniuliza nimemfanya nini mzee. Nikamwambia nimemheshimu.

"Mkimbilie!"

Nilitimka na viatu vyangu vya ngozi, mchanga ukirukia mawinguni, nikiitikia kwa mkupuo yote aliyokwisha kusema: ee, ee, ee mzee! Wanawake waliokuwa wakiteka maji wakaweka mitungi chini ili wacheke vizuri. Mzee akasimama bila kugeuka. "Kumbe ulimi unao."

Akaketi pale pale, akaanza upya, tangu mbuzi walipozaliwa. Madam akatufikia akihema, akaketi juu ya jiwe, kimya, akimkazia mzee macho. Mzee akakatiza habari na kuniuliza kwa nini huyu mama amemkasirikia. Nikamnong'oneza madam aitikie. Akakohoa.

"Ee," akasema, ndogo kama ya bibi harusi.

Mzee akamgeuzia kigoda. Habari ilipofika kwenye bomba, nyuma ya boma moja lililohamwa, madam alikuwa ananishinda, ee zake zinavutwa kama za kwaya.

Tukirudi aliniuliza kama nitaweza kunyamaza ndani na kuitikia nje. Nikasema naweza.

"Basi umebaki. Kuanzia Jumatatu meza yako iko nje kivulini. Wazee waanzie kwako."

Nikampigia mama simu Lodwar, nikamweleza yote nikirukaruka. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akashusha sauti na kuniuliza nimekosa nini hata nimetolewa nje.