Nilizima Kioo, Maneno Yakabaki

Aibu hii sijaisimulia barazani hata mara moja, na nnaiandika leo kwa sababu walioiona bado wananong'ona nikipita (wanadhani uzee umeniziba masikio). Mimi nimesoma mpaka darasa la tatu tu, lakini vitanda vya hoteli mbili za Uroa nimevichonga kwa mikono hii, Kiingereza nikakiokota kwa wageni, na nikachoka kuandikiwa barua za Kiingereza na watu, nikajiandikisha darasa la kuandika Kiingereza kwa kompyuta pale Mji Mkongwe.

Mwalimu wetu, Bi Asha, akatwambia tuandike lililo moyoni, tukikosea mashine itapiga mstari mwekundu, nayo haina mdomo. Moyoni mwangu kulikuwa na posa ya binti yangu Zuhura, wiki ya pili sijaijibu. Nikaandika kuwa ana miaka thalathini na tatu, hana mwengine anayemtaka, mama wa mwanamme ana ulimi mchafu lakini nitakubali, nimechoka kumwona nyumbani. Nikasahihisha mpaka mistari myekundu ikaisha. Ningemuuliza Bi Asha namna ya kufuta, lakini mzee mzima nimuulize mwanamke aliye sawa na mwanangu? Nikakizima kioo cha kompyuta kama nnavyozima televisheni, kikawa cheusi, nikenda zangu kusali Alasiri (chini ya meza kitu kikiunguruma, nikadhani feni).

Kurudi, Bi Asha ameshakiwasha na kuyatupa maandishi yangu ukutani kwa taa ya projekta, makubwa kama khanga iliyoanikwa, anayasifu hayana kosa hata moja, na amemwita Hamad, mwanafunzi mwenzetu, awafasirie wengine. Hamad ni mjomba wa mposaji, na barua ya posa aliileta yeye. Akafasiri mpaka kwenye ulimi wa dada yake, akavua miwani.

"Mzee Khamis," akasema taratibu, "jawabu tumelipata."

Kabla ya Magharibi walituma mtu kuichukua barua yao, na kila neno lilikuwa limeshafika jikoni kwangu. Zuhura aliniuliza moja tu. "Baba, umechoka kuniona?"

Nikamwambia yalikuwa mazoezi ya Kiingereza. Akaniandalia chakula, akakifunika, akafunga nguo zake, akenda kwa shangazi yake Kizimbani. Mwaka wa nne huu.

Mashine ile sijaigusa tena wala sitaigusa. Kila nilipokosea kidogo ilinipigia mstari mwekundu, na lile la kuchoka kumwona mwanangu ikaliacha safi.