Pampu ya Trekta na Kuku Aliyelalia

Nilikuwa kwa muuza vyuma vikuukuu hapa Kitale, mtoto mgongoni, nikitafuta kifuniko cha sufuria. Mzee mmoja akaingia, akaokota pampu ya dizeli na kuifuta kwa kofia yake. Alisema ameitafuta miaka minne, kwa ajili ya trekta lake kuukuu la minyororo.

"Shamba uko nalo, mzee?" muuzaji akamwuliza.

"Sina. Nataka tu kulisikia likinguruma."

Akalipa, kisha akairudisha pampu mezani.

"Niwekee wiki mbili."

"Si umelipa? Chukua, bana! Kesho lori linakuja kubeba vyuma vyote."

"Kuku amelalia mayai kando ya injini ya trekta. Nikienda nayo nyumbani, hii mikono itaifunga leo leo, haitangoja vifaranga."

Muuzaji alimkodolea macho. Halafu akaitia pampu kwenye boksi, akaliweka chini na kulikalia.

"Haya. Na mimi nimelalia."

Nyumbani mume wangu aliniuliza trekta la kutolima lina faida gani. Na kifuniko nilikuwa nimekisahau. Jana nilikifuata. Lori lilishapita, uwanja ni mtupu, na muuzaji bado amekalia boksi. Kabla sijamsalimu akaniambia, "Mama, bado siku sita."